Babu, Risasi na Tofali

Wasifu wa marehemu una mpangilio wake, na kila Mtanzania anaujua hata ukimwamsha usiku wa manane. Alizaliwa, alisoma, alioa, aliugua, ameacha mjane, watoto kadhaa, wajukuu kadhaa. Kwa mzee aliyewahi kwenda vitani huongezwa sentensi moja: alipigania nchi yake kwa ushujaa katika Vita vya Kagera. Waombolezaji wanatikisa vichwa kukubali, msomaji anavuta pumzi, anahamia kwenye ugonjwa.

Babu yangu mzaa baba alistahili sentensi hiyo, na nitamgombeza yeyote atakayesema hakuistahili. Lakini alikuwa na sentensi yake mwenyewe kuhusu vita vile, na aliniachia mimi kwa sababu nasomea ualimu. Nataka niwaeleze wanachuo wenzangu kilichotokea nilipojaribu kuisema.

Kwetu ni Kwimba, mkoani Mwanza. Babu alikuwa mkulima wa pamba na mtama, mwenye ng'ombe wachache na maneno machache zaidi. Mwaka 1978 alikuwa na miaka 25, ana mke mmoja, na baba yangu alikuwa bado ananyonya. Alikuwa mgambo wa kijiji, yaani Jumamosi wanapiga kwata uwanjani na bunduki za mbao, watoto wanawacheka, kisha kila mtu anarudi shambani kwake.

Historia yenyewe mnaijua. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, Amin akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Mkoa wenyewe wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera ulipewa baadaye. Mwalimu Nyerere akazungumza na taifa, na yale maneno yake matatu, uwezo, sababu na nia, mpaka leo yanarudiwa hata kwenye mechi za mpira. Babu aliyasikia redioni kama watu wengine. Ila aliniambia kwamba kilichomfanya asimame si hotuba.

"Waliposema wameua watu, nilisikitika," alisema. "Waliposema wamebeba na ng'ombe, mimi Msukuma, ndipo nikaelewa kwamba hii ni vita."

Alikuwa akisema hivyo huku anacheka kidogo, lakini sidhani kama ulikuwa utani mtupu.

Jeshi letu lilikuwa dogo, kwa hiyo mgambo kutoka nchi nzima waliitwa kwa maelfu. Babu akapanda lori hadi Mwanza, akavuka ziwa kwa meli hadi Bukoba, akafundishwa bunduki ya kweli kwa muda mfupi, akavuka mpaka pale Mutukula mwanzoni mwa 1979. Kutoka hapo hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na sehemu kubwa aliitembea kwa miguu, na sanduku begani. Kazi yake ilikuwa hiyo, kubeba. Risasi, mabomu ya mota, baruti, maji, na mara nyingine mtu.

Ukikaa na Babu ukitarajia simulizi za kishujaa ulikuwa unapoteza muda. Alikuwa anasimulia chawa. Anasimulia viatu. Anasimulia chumvi, kwamba waliwahi kukaa siku nyingi bila chumvi mpaka nyama ikawa kama kutafuna kamba. Tangu aliporudi hadi alipofariki alikuwa na kifurushi kidogo cha chumvi mfukoni, kimefungwa kwenye nailoni. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunamwibia tunailamba na maembe mabichi, na yeye anajifanya hajui. Asubuhi yake kimejaa tena.

Kitu kingine alichorudi nacho ni neno. Kila Bibi alipomwekea chakula, alikuwa anasema, "Webale, nnyabo." Ni Kiganda, "Asante, mama." Alilipata kwa mwanamke mmoja aliyemkuta kando ya barabara, akampa maji kwenye kibuyu na ndizi za kuchemsha. Yule mama alikuwa na furaha, kwa sababu askari wa Amin walikuwa wameondoka. Babu hakuwa na Kiganda, mama hakuwa na Kiswahili cha kutosha, kwa hiyo mama akamfundisha neno moja tu, la kushukuru. Bibi alilizoea. Sisi wajukuu tulikua tukidhani ni Kisukuma cha zamani.

Nilipokuwa kidato cha sita nilimuuliza kama aliwahi kukimbia. Nilitegemea akasirike.

"Lukaya tulikimbia," alisema moja kwa moja. Lukaya iko kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, penye kinamasi, na Machi 1979 vikosi vyetu vilikutana huko na askari wa Amin wakiwa pamoja na Walibya waliotumwa na Gaddafi. Wengi waliokuwa mbele walikuwa mgambo kama yeye. "Yale makombora yaliposhuka, mtu gani angekaa? Tulikimbia. Alfajiri tukarudi, tukawapiga. Mjukuu wangu, anayekuambia askari hakimbii, huyo hajawahi kuwa askari. Kazi ni kurudi."

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Babu hakuwa na la kusema sana kuhusu siku hiyo zaidi ya kwamba watu walicheza barabarani na yeye alikuwa anatafuta mahali pa kulala.

Sasa nije Masaka.

Masaka ilitekwa Februari 1979, kabla ya Lukaya. Mizinga yetu iliupiga mji kwanza. Baada ya askari wa Amin kukimbia, majengo yaliyobaki yalibomolewa kwa baruti, kulipiza kisasi cha yale yaliyofanywa Kagera. Mbarara nao ulifanyiwa hivyo hivyo. Haya si uvumi wa kijiweni, ni historia iliyoandikwa. Ukipita leo kwenda Kampala utaona mji umejengwa upya, lakini wenyeji wa rika la Babu hawajasahau. Wanakumbuka mambo mawili kwa pamoja, kwamba Watanzania waliwaokoa na Amin, na kwamba Watanzania waliuvunja mji wao.

Babu alikuwepo. Alinisimulia mara moja tu, jioni, tukipukuchua mahindi, na aliongea huku anaangalia mikono yake.

"Tulipopita Kyaka tuliona kanisa limebomolewa, nyumba za watu zimevunjwa. Ilituuma. Basi tulipofika Masaka tukaambiwa na wao waonje. Mimi sikuwasha utambi. Lakini sanduku lilitoka begani kwangu."

Akaendelea kupukuchua. Mimi nikanyamaza. Baadaye kidogo akaongeza kwamba kulikuwa na nyumba moja iliyobaki ukuta mmoja, na ukutani kulikuwa na kalenda, haijachanika. Alisimama akaisoma. Alikuwa ameishia darasa la nne, lakini miezi alikuwa anajua kuisoma.

Alirudi nyumbani mwishoni mwa 1979. Mwalimu alikuwa amewaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na wazee wetu wanasema mikanda haikulegea hata baada ya hiyo miezi kwisha. Sabuni ya foleni, sukari ya foleni, nguo ya foleni. Babu alivaa viatu vya jeshi mpaka vikabaki ngozi ya juu tu. Na vita navyo vilimfuata. Silaha zilikuwa zimezagaa, wizi wa ng'ombe Usukumani ukawa wa bunduki, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo Sungusungu walipoanza, na pinde, mishale na filimbi zao. Babu alijiunga. Wenzake wakataka awe kiongozi wao kwa sababu amekwenda vitani. Akakataa cheo, akachukua upinde kama mtu wa kawaida.

Kisha akaanza kufyatua tofali.

Hapa Kiswahili chenyewe kinanisaidia, kwa sababu risasi tunafyatua na tofali tunafyatua. Babu aliujua mchezo huo wa maneno, na ndio utani pekee wa vita aliokuwa anaurudia: "Nilifyatua miezi michache, nikafyatua miaka arobaini." Alikuwa anachagua udongo wa kichuguu, anaukanyaga na maji tangu alfajiri, ananyunyiza mchanga kwenye kalibu ya mbao ili udongo usigande, anashindilia, anageuza, anainua. Anafunika na nyasi zikauke taratibu. Kisha tanuru, kuni, siku kadhaa za moto. Elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imetangazwa 1977, watoto wamejaa shuleni na madarasa hayatoshi, kwa hiyo kazi haikukosekana. Madarasa mawili ya shule ya msingi ya kijiji chetu yamejengwa kwa matofali yake. Baba yangu alisoma humo. Mimi nilisoma humo.

Najua unachofikiria, msomaji. Mtu aliyebeba baruti ya kuvunja nyumba akaishia kutengeneza matofali. Insha imejiandika yenyewe. Mimi pia nilifikiri hivyo, nikamuuliza. Babu akanitazama kama nimesema kitu cha ajabu. "Nilihitaji hela ya sare za shule za watoto," alisema. Naliacha hivyo, kwa sababu ndivyo alivyojibu.

Nikiwa likizo ya mwaka wa kwanza, alinikuta napanga madaftari yangu ya zamani. Akaniomba nimsomee walichoandika kuhusu vita vyake. Nikachukua notisi zangu za historia za sekondari, nikawa namtafsiria. Sababu za vita, tano. Athari za kiuchumi, athari za kisiasa, athari za kijamii. Alisikiliza kwa heshima kama anasikiliza habari za nchi nyingine.

"Masaka haimo?"

"Haimo, Babu."

"Na Lukaya tulivyokimbia?"

"Nayo haimo."

Akafikiri. "Basi wewe ukishakuwa mwalimu, uiweke. Usiweke kwa kututukana. Tulikwenda kwa haki. Lakini uiweke. Useme kuna mzee alibeba sanduku."

Hiyo ndiyo sentensi yenyewe. Kuna mzee alibeba sanduku.

Babu alifariki nikiwa mwaka wa pili. Nilipewa kazi ya kuandika na kusoma wasifu, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa familia, kama mnavyojua jinsi cheo hicho kinavyotolewa bila kuombwa. Usiku wa kuamkia mazishi nikamsomea baba mdogo nilichoandika. Nilikuwa nimeweka ushujaa wake, safari yake, Lukaya, na nikaweka kwamba marehemu mwenyewe alisema alibeba baruti iliyovunja nyumba za Masaka, na kwamba jambo hilo lilimuuma mpaka mwisho.

Baba mdogo akavua miwani. "Mwanangu, hiyo ya Masaka itoe."

"Alisema mwenyewe, baba mdogo."

"Najua alisema. Watu kesho wanakuja kuzika, hawaji mahakamani. Kuna mwenyekiti, kuna wazee waliokwenda naye. Unataka kumvua mzee nguo mbele yao siku ambayo hawezi kujitetea?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nikiri kwamba hoja yake ilikuwa na uzito. Msiba una adabu zake. Tena baba mdogo hakuwa mtu wa kuficha mambo. Alikuwa mtoto anayemlinda baba yake. Nilimwambia kwamba kwangu mimi hayo hayakuwa mashtaka. Kama tukisoma ushujaa peke yake tunamsifu askari yeyote wa kwenye bango. Anayeumwa na Masaka miaka arobaini na zaidi ni huyu wetu, tunayemjua. Akasema mimi ni mtoto wa juzi, nimesoma vitabu vingi. Sauti zikaanza kupanda.

Bibi alikuwa kwenye mkeka, tukidhani amelala.

"Soma alivyosema," alisema. "Mmekuwa mnabishana kuhusu Masaka kama kitu cha mbali. Nimelala na huyu mzee miaka hamsini. Masaka ilikuwa inalala humu humu ndani."

Kesho yake nikasoma. Sentensi ilikuwa fupi, sauti yangu ilitetemeka, na sijui kama wa nyuma walisikia. Mwenyekiti wa kijiji aliangalia chini. Baba mdogo hakuniangalia siku ile, ila jioni alinisogezea chai. Kati ya wale wazee waliokwenda vitani, mmoja alinipa mkono akaondoka bila neno. Mwingine aliniambia nimefanya vibaya, na alisema hivyo kwa upole. Sikumbishia. Naye alikuwa huko, mimi sikuwepo.

Mwaka huu nilikwenda mazoezi ya kufundisha, ile TP yetu ya kuhesabu nauli na kuomba bumu liingie mapema. Nilipangiwa shule moja ya sekondari mkoani Morogoro, somo la historia. Zamu ya Vita vya Kagera ilipofika niliandaa andalio la somo kama tulivyofundishwa: malengo mahususi, zana, hatua. Nikafundisha sababu, nikafundisha mwendo wa vita, nikafundisha athari. Kisha nikawaambia kwamba babu yangu alikuwa mgambo, na nikawasimulia haya niliyowasimulia ninyi.

Swali la kwanza lilikuwa lile ambalo kila mtoto angeuliza. "Madamu, aliua?"

Nikawajibu kwa maneno yake, kwa sababu na mimi niliwahi kumuuliza: alifyatua usiku, na risasi ya usiku haina macho, na mfyatuaji naye hana.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye tangu nifike hakuwahi kunyoosha mkono, aliuliza, "Kwa hiyo sisi Tanzania tulikosea?"

Hapo ndipo mwalimu anapopata hesabu zake. Nilimwambia kwamba maswali ni mawili na tusiyafunge kwenye kitita kimoja. Je, tulikuwa na haki ya kumtoa Amin kwenye ardhi yetu? Ndiyo. Je, ilikuwa haki kuvunja nyumba za watu wa Masaka, ambao Amin aliwatesa kabla yetu? Hapana. Jibu la kwanza halifuti la pili, na la pili halifuti la kwanza. Babu yangu aliishi na majibu yote mawili kifuani na bado aliamka asubuhi kukanyaga udongo.

Nimeshabishana na wenzangu hosteli kuhusu hili. Wapo wanaosema mwanafunzi wa miaka kumi na sita hayuko tayari, kwanza ajifunze kuipenda nchi. Sasa hivi kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na wengi wetu tunaosomea ualimu wa historia tutalifundisha. Ninavyoona mimi, hayo maneno mawili kwenye jina la somo yanatudai. Maadili gani nitakayomfundisha mtoto kwa kumficha mzee aliyebeba sanduku? Babu aliipenda nchi hii kuliko wengi wanaovaa bendera siku za mechi. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, alikuwa anakaa na redio yake kuanzia asubuhi mpaka gwaride liishe, amevaa shati safi, hataki kuongeleshwa. Mapenzi hayo hayakumzuia kusema ukweli. Nadhani ndiyo yaliyomfanya aweze kuusema.

Na muda hautusubiri. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70. Wengine wamelala Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa, tangu vita viishe. Waliobaki wako vijijini kwetu, wanaota jua, na wengi wao hawajaulizwa kitu chochote zaidi ya "Shikamoo."

Mwisho wa kipindi niliwapa wanafunzi kazi ya nyumbani. Kila mmoja amuulize mzee mmoja wa kwao alikuwa wapi mwaka 1979, aandike alichojibiwa, hata kama ni mstari mmoja. Nilirudishiwa madaftari 41. Karibu hakuna bunduki ndani yake. Kuna foleni ya sabuni. Kuna ng'ombe aliyechangwa na kijiji kwa ajili ya wanajeshi. Kuna harusi iliyoahirishwa, na mjomba ambaye barua zake zilikoma mwezi wa tatu. Yule kijana wa nyuma aliandika mstari mmoja: "Bibi amesema nisimuulize tena."

Nikamwekea vema, alama zote.